Mtoto kaandikiwa rufaa kliniki ya damu na saratani: ndiyo kusema ana kansa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 4, tupo Handeni. Tangu alipofikisha miezi kama minane amekuwa mtu wa kuumwa. Homa haziishi, macho yanakuwa ya njano kisha yanarudi, usiku miguu inamuuma hadi analia. Ameshaongezewa damu mara mbili. Tumboni upande wa kushoto kuna kitu kigumu. Mama mkwe anasema ni bandama na anataka akachanjwe chale. Wiki iliyopita tuliandikiwa rufaa ya Muhimbili, na kwenye karatasi pameandikwa kliniki ya magonjwa ya damu na saratani ya watoto. Nesi aliniambia ni upungufu wa damu tu. Sasa saratani imetoka wapi? Wananificha? Na hao madaktari wanatibu nini hasa? Baba yake anasema tusubiri tuuze mahindi kwanza ndipo twende.

JIBU: Marahaba, mama. Karatasi uliyopewa haisemi mwanao ana saratani. Imetaja jina la kliniki, na jina hilo limeshawatia hofu wazazi wengi kabla yako. Kwa dalili ulizoandika, ningekuwa mimi ninayempokea ningeanza kumpima ugonjwa wa damu ambao si saratani hata kidogo. Nitakueleza ni upi, ila kuna mawili ambayo hayasubiri nifike huko.

Asichanjwe chale. Bandama haipungui kwa wembe. Inavimba kwa sababu ya jambo jingine, liwe malaria ya kujirudia, kichocho, selimundu (siko seli) au hata lukemia (saratani ya damu), na chale haigusi hata moja kati ya hayo. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache mwilini mwake, mikato ile midogo inaweza kuvuja usiku kucha. Wembe wenyewe nao unaingiza vijidudu kwa mtoto ambaye huenda kinga yake iko chini. Vilevile tumbo lisikandwe wala kubinywabinywa, maana bandama iliyovimba inaweza kupasuka. Mama mkwe anamtakia mema mjukuu wake, usigombane naye. Mwambie daktari amekataza, lawama nitazibeba mimi.

La pili, msisubiri mahindi. Kama kikwazo ni fedha, rudini palepale mlipoandikiwa rufaa muulizie ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yao ni pamoja na kusikiliza familia zisizo na uwezo na kuandika barua ya msamaha. Watoto chini ya miaka 5 wamo kwenye sera ya matibabu bila malipo, na mwanao bado yumo.

Sasa tuje kwenye swali lako, saratani imetoka wapi.

Ndani ya mifupa kuna uloto, ule mnono unaofyonzwa kwenye mfupa wa supu. Humo ndimo zinamotengenezwa chembe zote za damu: nyekundu zinazobeba oksijeni, nyeupe zinazopambana na vijidudu, na chembe sahani. Chembe nyekundu zikitoka na kasoro ya kurithi, mtoto anakuwa na selimundu. Uloto ukinyauka na kuacha kazi, chembe za aina zote zinapungua kwa pamoja. Chembe nyeupe changa zikianza kuzaliana ovyo mpaka zikazinyima nyingine nafasi, hiyo ndiyo lukemia, yaani saratani ya damu. Watoto hawa watatu wanaweza kuingia mlangoni na sura moja: viganja vyeupe, homa, uchovu, mifupa inauma. Anayewatenganisha ni daktari aliyezoea kusoma damu kwenye hadubini na, inapobidi, kuchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta uloto kidogo. Ndiyo maana kliniki ikawa moja.

Hata dawa zinapishana mle ndani. Hidroksiurea, dawa ambayo leo inategemewa sana na watoto wa selimundu, ilianza kama dawa ya saratani za damu. Wapo wazazi wakisoma hivyo kwenye karatasi iliyomo ndani ya kopo wanalirudisha kabatini. Wanamnyima mtoto dawa kwa kuogopa jina, kama vile wengine wanavyoogopa jina la kliniki.

Tubaki kwenye selimundu, maana ndiyo inayonijia kwanza ninaposoma barua yako. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Makadirio yanayotumika sana ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Kwa miezi ya mwanzo mtoto anaonekana mzima kabisa, kwa sababu bado anatumia damu ya aina aliyokuwa nayo tumboni. Damu hiyo inapopungua, kuanzia kama miezi sita hivi, shida zinaanza. Vidole vya mikono na nyayo vinavimba na kuuma. Macho yanakuwa ya njano kwa kuwa chembe nyekundu zinavunjika mapema mno. Maumivu ya mifupa yanakuja, mara nyingi kukiwa na baridi, homa au mtoto akiwa hajanywa maji ya kutosha. Umeandika dalili zilianza kwenye miezi minane, na mimi mstari huo niliusoma mara mbili. Lakini sijamwona mtoto, na lukemia nayo inaleta weupe na maumivu ya miguu, kwa hiyo lisitoke neno nyumbani kwamba daktari amesema ni siko seli. Kipimo ndicho kitakachosema.

Kipimo chenyewe si cha kuogopesha. Kuna cha haraka cha tone la damu ya kidoleni, kama kile cha malaria, majibu yanatoka baada ya dakika chache. Na kuna cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Angalizo moja ambalo watu hulisahau: ukimpima mtoto aliyeongezewa damu karibuni, ndani ya miezi mitatu hivi, unaweza kuwa unampima aliyemtolea. Majibu yanachanganya. Tafuta tarehe za mara zile mbili, ziandike, uende nazo.

Ikithibitika ni selimundu, kuna mengi ya kufanya. Penisilini ya kunywa kila siku mpaka afikishe angalau miaka 5, kwa sababu bandama ya watoto hawa hushindwa kazi mapema na vijidudu vya nimonia vinawaua haraka. Asidi ya foliki. Chanjo zote zikamilike. Kinga ya malaria, na neti si ya kuachia hata usiku mmoja. Kisha hidroksiurea. Kulikuwa na wasiwasi wa haki kabisa kwamba kwenye nchi zenye malaria dawa hii ingewadhoofisha watoto. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto zaidi ya 600, ulichapishwa mwaka 2019 ukaonyesha kinyume chake: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara ili dozi irekebishwe, basi. Si dawa ya kununua dukani na kujipimia.

Huko kliniki utafundishwa pia kuipapasa bandama taratibu kwa vidole, ujue ukubwa wake wa kawaida. Ikiongezeka ghafla huku mtoto akizidi kuwa mweupe, damu inajazana humo, na hapo ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Wataangalia pia mwendo wa damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, haiumi. Watoto ambao damu yao inapita kwa kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi wako kwenye hatari kubwa ya kiharusi, na kiharusi hicho kinaweza kuzuiliwa kabla hakijatokea.

Wengi huniuliza kama inapona. Kupandikiza uloto kunaponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ila si kila mtoto anafaa. Kwa kawaida anatakiwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye vinasaba vyake vinaoana na vya mgonjwa, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Uliza, lakini usiache penisilini na hidroksiurea ukisubiri Dodoma.

Na jambo la lawama, kwa sababu najua linavyokwenda kwenye familia. Mtoto hupata selimundu akirithi kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao hawajaumwa siku moja. Hakuna ukoo uliologa mwingine. Kasoro hiyo imeenea kwetu kwa sababu anayeibeba kwa upande mmoja tu hupata nafuu dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mkiwa na watoto wengine, nao wapimwe.

Ukikaa kwenye benchi la kliniki utakutana na magonjwa mengine ya damu. Yupo mtoto wa kiume ambaye kila akianguka goti linavimba kama amevunjika, kumbe ni damu inayovuja ndani ya kiungo. Hiyo ni hemofilia. Mwili wake hauna ya kutosha protini moja ya kugandisha damu. Kwetu watoto wa aina hii hugundulika sana siku ya tohara, damu inapokataa kukatika. Kama theluthi moja yao hawana mtu mwingine kwenye ukoo mwenye tatizo hilo, kwa hiyo "kwetu hakuna" si kinga. Sindano za matakoni na aspirini kwao ni marufuku. Upande wa mabinti kuna wenye hedhi isiyokatika, wanalowesha na kubadilisha usiku kucha, na nyumbani wanaambiwa ndivyo wanawake walivyo. Baadhi yao wana ugonjwa wa kutoganda damu, na unatibika.

Yupo pia aliyepata mafua, baada ya wiki mbili akatoka madoa mekundu miguuni na michubuko bila kupigwa. Kinga yake imezivamia chembe sahani zake mwenyewe. Wengi wa watoto hawa hupona ndani ya miezi michache, pengine bila dawa yoyote, lakini lazima daktari ajiridhishe kwanza kwamba si lukemia. Na wapo ambao chembe nyekundu zao hukosa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Hao wako salama mpaka wakutane na kichochezi, kama primakwini, dawa ya malaria, au zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuzia wadudu kabatini. Mtoto anavishwa nguo iliyokaa na naftalini, siku mbili baadaye mkojo una rangi ya koka-kola. Pwani yetu, Zanzibar na ndugu zetu wa Oman wanaujua huu vizuri. Upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma au wa minyoo, ambao ndio tulio nao kwa wingi kuliko yote, hauhitaji kliniki hii. Huo hutibiwa hospitali ya wilaya.

Sasa saratani zenyewe. Za watoto si za watu wazima. Hazitokani na sigara wala na chakula alichompa mama yake, na nyingi huitikia dawa vizuri kuliko za wakubwa. Lukemia ndiyo inayoongoza duniani kwa upande wa watoto. Huku kwetu inajificha nyuma ya malaria: homa, weupe, mseto, nafuu kidogo, homa tena. Mtoto aliyetibiwa malaria mara tatu mfululizo huku damu inashuka, tezi zimevimba na fizi zinatoka damu, anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu kinachohesabu chembe zote, si dozi ya nne. Tiba yake ni dripu, vidonge na sindano za uti wa mgongo kwa miaka 2 hadi 3. Mojawapo ya dawa hizo, vinkristini, inatokana na lile ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska ambalo hata majani yake hayaliwi na mbuzi kirahisi, na limejaa kwenye bustani za pwani. Naomba mtu asilichemshe. Dozi ya dawa hii hupimwa kwa sehemu za miligramu, na ikizidi inaua.

Saratani ambayo Afrika Mashariki ina historia nayo ya pekee ni ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, na hakuelewa anachokiona. Alipoanza kutafuta, akawapata wengine, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakashuka kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuona taya za namna ile. Ramani waliyoirudisha ilifanana na ramani ya malaria: penye joto na mvua ugonjwa upo, milimani kwenye baridi unapotea. Mwaka 1964 maabara ya London ilikuta kirusi kipya, kirusi cha Epstein-Barr, kwenye uvimbe uliotoka Uganda. Leo tunajua kirusi hicho na malaria ya utotoni hushirikiana kuuleta. Mama wa leo ajue hivi: meno ya pembeni yanalegea bila sababu, taya au tumbo linavimba, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kukua huko kwa kasi ndiko kunakoufanya uyeyuke haraka ukikutana na dawa. Ukingojea wiki mbili nyumbani, unaweza kuwa umepoteza nafasi hiyo.

Mbili nyingine nitazitaja kwa sababu wanaozigundua ni akina mama. Saratani ya figo hukutwa wakati wa kumwogesha mtoto: uvimbe mgumu ubavuni, mtoto mwenyewe anacheza na haumwi. Usiubonyeze kumwonyesha kila jirani. Na saratani ya jicho, retinoblastoma, huonekana kama mboni nyeupe, mara nyingine kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi. Macho yote yanatakiwa yatoe wekundu kwenye picha ya namna hiyo. Moja likitoa weupe, mpeleke mtoto akapimwe wiki hiyohiyo. Ikiwahiwa, mtoto anaishi, na pengine jicho linabaki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Kwenye nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 likaweka lengo la asilimia 60 ifikapo 2030. Tofauti hiyo haitokani na saratani zetu kuwa kali zaidi. Watoto wanafika wamechelewa, au hawagunduliwi kabisa, dawa zinakatika, na wengine wanaondolewa wodini katikati ya matibabu kwa sababu uvimbe umeisha machoni na nauli imeisha mfukoni. Muhimbili matibabu ya saratani kwa watoto yanatolewa bila malipo kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha. Bugando iliyopo Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zinapokea watoto hawa. Kwa Kenya kuna Kenyatta na Moi ya Eldoret, Uganda kuna Taasisi ya Saratani pale Mulago, iliyoanza mwaka 1967 kwa ajili ya saratani hiyohiyo ya Burkitt.

Uliuliza kama wanakuficha. Sidhani. Nesi alikuambia alichokijua, kwamba damu ni ndogo, na hiyo ni dalili. Daktari akakupeleka kwa watu wa kutafuta chanzo. Ukifika, muulize daktari wazi: "Mnahisi nini, na kipimo gani kitathibitisha?" Ana wajibu wa kukujibu kwa lugha unayoielewa.

Kwa sasa usimpe dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma mpaka apimwe. Mtoto anayeongezewa damu anapata chuma kingi kupitia damu hiyo, na kikizidi kinaharibu ini na moyo. Kwa homa au maumivu mpe parasetamoli, si aspirini wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya takoni bila sababu ya msingi. Maji anywe ya kutosha. Kama amewahi kupewa mitishamba, iseme kliniki bila aibu; tunaihitaji habari hiyo kuliko unavyodhani. Homa ikifika 38.5, akiwa mweupe ghafla, akihema kwa shida, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, usingoje siku ya rufaa. Nenda hospitali iliyo karibu, uwaonyeshe karatasi hiyo.

Chukua kadi ya kliniki tangu alipozaliwa, vyeti vyote vya kulazwa, tarehe za kuongezewa damu na majibu ya zamani hata kama yamechanika. Na baba yake aende pia, mahindi yaangaliwe na mtu mwingine. Damu aliyoongezewa mtoto ikivuruga majibu, kipimo cha baba na cha mama vitatuongoza wakati tukisubiri arudiwe.